Fizi za Mke Mwenzangu

Siku hizi mtu akicheka mbele yangu, simtazami macho. Namtazama fizi. Naangalia zimekaaje, zina rangi gani, zimelishika jino wapi na zimeliachia wapi. Mume wangu ananiambia iko siku nitapigwa na mtu sokoni. Namjibu kwamba nikipigwa nitakuwa nimeshaona nilichotaka kuona.

Tabia hii ya kuchungulia midomo ya watu niliipata kwa mjukuu wangu, binti wa binti yangu, niliyemlea hapa Butiama tangu alipoachishwa ziwa. Mama yake aliolewa Bunda na mwanamume mwingine, mtoto akabaki kwangu, na sijawahi kulalamika. Huku kwetu mjukuu wa kike si mjukuu tu. Ni mke mwenzako. Babu yake ni mume wenu wote wawili, mnamgombania, mnasemana, mnatukanana huku mnacheka. Na yale ambayo binti hawezi kumwambia mama yake, anamwambia bibi bila haya. Mama hawezi kumwambia binti yake mkubwa, fungua mdomo nione. Ataonekana anamtafuta ubaya. Mke mwenza anaweza.

Niseme kwanza huyu mke mwenzangu ni mtu wa namna gani, maana namjivunia na sioni sababu ya kuficha. Ni mrefu kama nilivyokuwa mimi kabla mgongo haujanisaliti. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, ng'ombe wa baba wakawa walimu wangu. Yeye alifika kidato cha nne, sasa anajifunza kushona, na gauni nililovaa Pasaka alilikata yeye. Na anaimba. Akianzisha wimbo kanisani, hata wale wanaosinzia viti vya nyuma wananyoosha shingo.

Lakini alikuwaga anaanguka. Kifafa. Kilimwanza akiwa msichana mdogo, kikaja na kuondoka kinavyotaka. Siku moja kilimwangusha kwenye mafiga, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vimeshikana kidogo. Wakati ule kila mtu alikuwa na neno lake. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikataza mtoto asile kamongo, eti samaki yule hata umponde kichwa anaendelea kurukaruka, na anayemla ataruka hivyohivyo.

"Wewe umekula kamongo tangu hujaota meno," nikamwambia, "na sijakuona ukiruka hata harusini."

Tukampeleka hospitali Musoma, wakampa vidonge. Wakatuambia ameze kila siku, asiruke hata siku moja, na si dawa ya malaria kwamba unamaliza dozi unasahau. Akameza. Kuanguka kukapungua, halafu kukakoma. Msimu wa mihogo ukaja ukapita, na mwingine ukaja, mtoto hajaanguka. Nikaanza kumwachia jiko. Nikaanza kumtuma kisimani peke yake. Kwaya wakamrudisha mstari wa mbele, na wakaanza kujiandaa kurekodi video, wameshachagua na vitenge.

Hapo ndipo nikaona kitu. Mke mwenzangu alikuwa hacheki tena kwa mdomo. Anacheka kwa pua. Ukimchekesha sana anainua mkono, na baadaye akawa anavuta upande wa khanga na kujifunika mpaka puani. Jumapili nikamwangalia kwenye kwaya. Wenzake wote midomo wazi kama makinda, yeye anaimba kama mtu anayepuliza uji wa moto. Sauti ile iliyokuwa inaamsha watu ilikuwa haifiki hata kwangu, na mimi nakaa mbele.

Siku ya pili yake tulikuwa uani tunamenya mihogo. Nikamwambia, "Mke mwenzangu, kwani umeng'olewa meno?"

"Kwa nini, bibi?"

"Unacheka kama mtu aliyeiba sukari akaificha mdomoni."

"Sina kitu."

"Basi fungua. Isije ikawa mume wetu amekuwekea jino la dhahabu, na mimi sijapewa."

Akacheka, akajisahau, mkono umejaa utomvu wa mihogo hakuwahi kuuinua. Nikaona.

Fizi zake zilikuwa zimepanda juu ya meno, kama uji unavyopanda kingo za sufuria ukitaka kufurika. Kati ya jino na jino nyama imetokeza, nene, ya duara, kama punje ya hindi bichi. Meno ya mbele yale niliyoyajua, marefu, meupe, yalikuwa yamebaki nusu. Nikanawa mkono nikazigusa. Hazikuwa laini kama jipu. Zilikuwa nyama kabisa.

"Zinauma?"

"Haziumi sana. Zinatoka damu nikipiga mswaki. Ndiyo maana nimeacha kupiga."

"Tangu lini hizi?"

"Kidogo kidogo, bibi. Kabla ya Krismasi nilidhani nimechomwa na mfupa wa samaki." Akajifunika khanga yake. "Usimwambie mama."

Nitasema kweli, kitu cha kwanza kilichonijia hakikuwa hofu. Nilitaka kujua. Nyama inaota kwenye mdomo wa mtu mzima, inatoka wapi? Nani anailisha? Nimeona mapele, nimeona majipu, nimeona tezi la shingo, lakini sijaona ufizi unaokua kama mtoto. Usiku na mchana nilikuwa nayo hiyo. Nikafikiri labda ni magadi ninayoweka kwenye mboga, nikaacha kuweka. Mboga ikawa ngumu, mume wangu akanung'unika, fizi zikabaki vilevile. Nikafikiri ni chumvi. Nikafikiri ni mti tunaokata miswaki. Kila nilichokifikiria, nikikumbuka mimi nakitumia pia, narudi kwenye kioo kufungua mdomo wangu. Fizi zangu zimelala pale pale zilipokuwa.

Wifi yangu alipokuja kututembelea hakuhitaji siku mbili. Alimwona msichana anakunywa maziwa, akamshika kidevu.

"Wifi," akaniambia, "haya ni meno ya plastiki. Huyu hakukatwa vizuri utotoni."

Kwa asiyejua: huku kwetu mtoto mchanga akihara au akipandwa na homa, wapo wanaosema ana meno ya plastiki. Anaitwa mama mmoja mwenye spoku ya baiskeli iliyonolewa, anachana ufizi wa mtoto, anatoa kitu cheupe kama mbegu ya boga, anasema ndiyo hayo.

"Hakukatwa kabisa," nikamjibu. "Nilikataa."

"Basi ndiyo hayo. Yalikuwa yamelala, sasa yameamka."

"Yamelala miaka yote hii yakisubiri nini, kurekodi video?"

"Cheka tu. Mimi namjua mama mmoja anakataga vizuri, hata damu haiwi nyingi. Tukitoka kwenye harusi ya Bunda nampeleka."

Nikageuka kumwangalia mke mwenzangu ili tucheke pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa ameweka kikombe chini.

"Bibi, nikatwe tu," akasema.

"Hakuna anayekata kitu mpaka nijue ni kitu gani."

"Wewe unataka kujua. Mimi nataka mdomo wangu." Alisema polepole, wala hakunipandishia sauti. "Si wewe unayeimba umefumba midomo."

Mke mwenzangu hajawahi kunisema hivyo bila utani ndani yake. Wifi akaniangalia kama mtu aliyeshinda kesi.

Harusi ilikuwa kwa binti yangu, mama wa mke mwenzangu, Bunda. Mume wake alikuwa anaoza binti yake, na sisi tukaenda mapema kusaidia kupika. Mnajua jikoni kwa harusi kulivyo: nyuma ya nyumba, masufuria makubwa juu ya mawe, wanawake wamejifunga vitenge viunoni, wengine wanachambua mchele, wengine wanachambua watu. Mke mwenzangu alikuwa anakoroga nyama kwa mwiko mrefu. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nakata vitunguu. Nikasikia mwiko umeanguka.

Nilijua kabla sijainua kichwa. Sauti ile ya mtu anayeishiwa pumzi ghafla sikuwa nimeisikia muda mrefu, lakini haisahauliki. Alikuwa ameanguka ubavu, mguu mmoja unapiga jiwe la figa, na sufuria inatikisika. Wanawake wakatawanyika kama kuku.

"Msimguse, msimguse, povu," mmoja anasema.

"Leteni kiberiti anuse."

Nikamshika kwapani nikamburuta mbali na moto. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikamlaza kwa ubavu kama nilivyofundishwa Musoma, nikaweka kitenge changu chini ya kichwa, nikamlegeza shingoni. Mama mmoja akaja mbio na kijiko, anataka kumtia katikati ya meno.

"Kijiko hicho kapakulie wali," nikamwambia. "Mdomoni mwake hakiingii kitu."

Tukakaa hivyo mimi na yeye chini, yeye anatikisika na mimi namshika bega, mpaka mwili ukalegea na pumzi ikarudi ndefu, ya usingizi. Masufuria yakaendelea kuchemka. Baada ya muda wanawake wakarudi mmoja mmoja, wanatembea kwa kunyata.

Alipoamka tulikuwa chumbani kwa mama yake, mimi, mama yake na wifi. Binti yangu alikuwa analia na kukasirika kwa pamoja, na hasira yake ikaniangukia mimi.

"Mama, kwani dawa humpi?"

"Nampa. Anameza mbele yangu."

"Sasa mbona ameanguka?"

Mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza hilohilo. Kisha sauti ikatoka kitandani, nzito ya usingizi.

"Nakata nusu."

Mama yake akamgeukia.

"Nameza nusu mbele ya bibi, nusu inabaki mkononi," akasema. "Ni vidonge, bibi. Nimeshajua. Wewe umeacha magadi, umeacha chumvi. Mihogo tunakula wote, dagaa wote, maji tunachota kisima kimoja. Kitu ninachokula peke yangu kwenye nyumba ile ni kidonge."

Hapo nilichanganyikiwa, maana nilitaka kumchapa na nilitaka kumpigia vigelegele. Mimi mzee nimezunguka na magadi yangu mwezi mzima, na yeye amekaa kimya akatoa kimoja kimoja mpaka kikabaki kimoja. Hiyo akili si ya kununua.

"Na kwa nini hukusema?"

"Nikikuambia wewe, utanilazimisha nimeze kizima. Nikimwambia daktari, ataninyang'anya dawa, nianze kuanguka tena. Nikaona nimeze nusu. Nusu ya kuzuia kuanguka, nusu ya kuponya fizi."

"Umefikiri vizuri ukafanya vibaya," nikamwambia.

Wifi akasema kama dawa ndiyo inaharibu mdomo, basi iachwe yote, mtoto akatwe fizi, yaishe. Mama yake akasema ameze kizima na fizi ziote mpaka kidevuni, meno yana faida gani kwa mtu aliyekufa motoni. Wakaanza kubishana juu ya kichwa cha mgonjwa. Mimi nikaona wote wawili wanajibu swali ambalo hakuna aliyemuuliza mwenye kulijua. Je, ni kweli ni kidonge? Na kama ni kidonge, hakuna kingine?

"Tunakwenda Musoma," nikasema. "Spoku isubiri."

Jioni ile akameza kizima, mama yake akimwangalia, na mimi nikamwambia afungue kiganja.

Hospitali ile siku ya kliniki ya kifafa watu wanakaa kwenye benchi refu ukumbini, kila mmoja na ndugu aliyemsindikiza. Nikakaa kidogo. Halafu nikafikiri: hawa wote wanameza vidonge. Midomo yote hii imekaa hapa, na mimi nimekaa na swali langu.

Wa kwanza alikuwa mvuvi, mtu mzima kiasi, amekuja na boti kutoka kisiwa cha Rukuba. Nikamsalimia, nikamuuliza habari za ziwa, nikamwomba anifungulie mdomo.

Akanitazama. "Mama, unanichumbia au unaninunua? Maana anayeangaliwa meno ni ng'ombe."

"Ng'ombe wangu wana fizi nzuri. Nataka kuona za kwako."

Akacheka kwa kelele, na sikuhitaji tena kumwomba. Zilikuwa kama za mke mwenzangu, labda nene zaidi, na za zambarau. Nikamuuliza anameza nini, akatoa pakiti mfukoni. Mke mwenzangu akasogea, akasoma. Dawa ileile. Fenitoini.

"Unaona?" akaniambia kwa sauti ya chini.

"Naona. Tulia."

Nikaenda kwa mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kiume. Mtoto anameza dawa hiyohiyo, fizi safi kama za malaika. Mama akaniuliza kama mimi ni daktari. Nikamwambia mimi ni bibi. Mwingine anatumia dawa nyingine, fenobabito, fizi nzima, lakini dada yake akanieleza kwamba alipoianza alikuwa analala hata akiwa anakula, na mpaka sasa asubuhi ni mzito. Mwingine akakataa kufungua mdomo, nikamwomba radhi. Mke mwenzangu alikuwa ameficha uso kwa aibu, lakini masikio yake yalikuwa upande wangu, niliyaona.

Yule mtoto ndiye alinivuruga. Kama kidonge ndicho, mbona mmoja kinamkuza fizi na mwingine hakimgusi?

Daktari alikuwa dada kijana, mpole, anaongea bila haraka. Alipoingia mke mwenzangu nikamwambia, "Mke mwenzangu, fungua." Akafungua, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu baki. Daktari akavaa glovu, akawasha tochi, akaangalia juu na chini.

"Ni dawa," akasema. "Hii dawa baadhi ya watu inawakuza fizi. Inajulikana kabisa." Kisha akamwangalia. "Lakini kila mwezi nakuuliza kama kuna shida, unaniambia hakuna."

Mke mwenzangu akatazama sakafu.

"Daktari," nikasema, "wewe ulimwambia shida zenyewe zinafananaje?"

"Nilimwambia, bibi. Siku ya kwanza kabisa. Ila siku ya kwanza mtu anasikia neno kifafa tu, mengine yanapita. Nilipaswa kurudia." Akavua glovu. "Nilipaswa kumwomba afungue mdomo, kama wewe."

Nikamuuliza yote niliyokuja nayo. Nilianza na lililonisumbua zaidi. Dawa ni ya kichwa, inamezwa inakwenda tumboni, sasa kwenye ufizi inatafuta nini? Hakucheka. Alisema dawa ikishayeyuka inaingia kwenye damu, na damu inakwenda kila mahali, haina njia ya kichwani peke yake. Nikaelewa. Ukifungulia maji shambani unamwagilia mahindi, lakini na majani ya pembeni yanakunywa. Na yule mtoto wa kwenye benchi? Akasema miili haifanani, na tena mdomo usiposafishwa fizi zinazidi. Huyu ameacha mswaki kwa sababu ya damu, na kuacha mswaki kukaongeza uvimbe, na uvimbe ukaongeza damu.

"Kwa hiyo nilikuwa sawa," mke mwenzangu akasema. Ndiyo mara ya kwanza alitoa sauti.

"Kuhusu kidonge ulikuwa sawa. Kuhusu nusu, hapana." Daktari akavuta kiti karibu naye. "Kichwa kimeshazoea dawa. Ukikipunguzia ghafla mwenyewe, kinaweza kushikwa, kikaachiwa, kikashikwa tena bila kupumzika. Watu wanakufa hivyo. Wewe ulianguka mara moja, na karibu na moto. Ungeniambia fizi, nisingekunyang'anya dawa. Ningekubadilishia."

"Kuna nyingine?" nikauliza.

"Zipo. Sina moja."

Nilimwona mke mwenzangu anainua kichwa. Alikuwa amekaa miezi na milango miwili tu, kuanguka au kuharibika mdomo, na kumbe nyumba ilikuwa na mlango wa tatu. Hakuwa ameuona kwa sababu hakuuliza.

Nikamwambia daktari habari ya spoku. Akafumba macho kidogo. Akasema fizi zile zina damu nyingi, zikichanwa nyumbani anaweza kuvuja damu isikauke, na anaweza kupata tetenasi na mengine. Na hata zikikatwa vizuri na daktari wa meno, akibaki kwenye dawa ileile zitaota tena. Kwanza tubadilishe dawa, asafishe mdomo, tusubiri. Zikibaki, za kukata zitaonekana wakati huo.

"Na hiyo mpya haina lake?"

"Zote zina lake, bibi. Tunatafuta ile ambayo lake mtu anaweza kuishi nalo."

Akatueleza, na safari hii nilimwambia mke mwenzangu arudie kila neno. Dawa mpya, kabamazepini, inaanza kidogo na kupanda taratibu, ile ya zamani inabaki kwanza, halafu nayo inapunguzwa taratibu kama daktari atakavyosema. Kizunguzungu kinaweza kuja, au kuona vitu viwiliviwili, na hapo turudi waangalie kipimo. Lakini akitoka vipele mwilini, au homa na vidonda mdomoni, asisubiri kesho, aje siku hiyohiyo, maana hilo linaweza kuwa baya sana. Na siku akitaka kuolewa au kuzaa, aje kabla, si baada, maana dawa hizi na mtoto tumboni zinahitaji mpango, na hata baadhi ya njia za uzazi wa mpango hazishiki vizuri pamoja nazo.

"Ameshaolewa," nikasema. "Mume wetu mmoja, lakini ni mzee, hana hatari."

Daktari akacheka mpaka akaegemea kiti. Mke mwenzangu naye akacheka, na mkono ukaanza kupanda kwenda mdomoni, ukafika kidevuni, ukashuka.

Wiki za mwanzo nilimkagua kila asubuhi kabla ya chai. Mgongo, tumbo, mikono, nyuma ya masikio. Vipele havikuja. Lakini siku moja baada ya kupandisha dawa kama tulivyoagizwa, akatoka nje, akasimama mlangoni, akaniangalia kwa makini.

"Bibi, leo mko wawili."

"Wawili vipi?"

"Wewe, na mwingine pembeni yako. Mmevaa sawa."

Mume wangu alikuwa amekaa na redio yake. "Basi nina wake watatu," akasema. "Waambieni wote wawili nataka chai."

Tulicheka, lakini hatukukaa. Siku hiyohiyo tukaenda kituo cha afya, wakapiga simu Musoma, wakaambiwa apandishiwe dawa polepole zaidi. Baada ya siku chache nikarudi kuwa mmoja. Aliniambia yule mwingine alikuwa mkimya kuliko mimi na atamkumbuka.

Sasa kidonge anameza taarifa ya habari inapoanza. Mume wetu ndiye kengele. Anaongeza sauti ya redio na kusema, "Wake zangu, habari," na mke mwenzangu anameza kizima, ananionyesha kiganja bila kuombwa, kwa dharau. Mswaki wake ni laini, anapiga asubuhi na jioni, na mwanzoni alikuwa anatema mate mekundu huku anaguna. Damu ikapungua. Fizi hazikushuka haraka. Kila Jumapili kabla ya kanisa nilikuwa nazitazama, na kwa muda mrefu sikuona kitu, mpaka nikafikiri daktari ametudanganya. Halafu siku moja nikaona ncha ya jino ambayo ilikuwa imezikwa.

Video ya kwaya waliirekodi kabla fizi hazijamaliza kushuka. Mwalimu wa kwaya alitaka kumweka mstari wa nyuma, alidhani ndivyo anavyotaka. Mke mwenzangu akakataa. Nimeiona video hiyo kwenye simu ya jirani mara nyingi. Watu wengine wanaangalia vitenge na hatua za miguu. Mimi naangalia pale anapoingia na sauti ya juu, mdomo umefunguka wote, na fizi zinaonekana, nene bado, nyekundu, mbele ya kamera na mbele ya Mungu.

Wifi alikuja tena juzi. Akamshika kidevu, akatazama muda mrefu.

"Kumbe yamelala tena," akasema.

"Bibi, hayajalala. Nimebadilishiwa dawa," mke mwenzangu akamjibu, na akamweleza yote, damu, mahindi na majani ya pembeni. Wifi akasikiliza huku anatafuna karanga. Mwishoni akauliza kama kamongo sasa anaruhusiwa.

Katikati ya meno mawili ya chini nyama kidogo imebaki. Daktari wa meno ataiona tukirudi. Sasa tutarudi wote wawili, na sababu ni hii. Jana jioni nilikuwa nimekaa nimevua viatu, maana jioni haviniingii, miguu inavimba mpaka kwenye vifundo. Mke mwenzangu akaja akachuchumaa mbele yangu, akabonyeza kwa kidole, akaangalia shimo lililobaki.

"Hii tangu lini?"

"Ni uzee."

"Uzee ulianza kabla ya kile kidonge chako cha presha, au baada?"

Nikafikiri. Nikafikiri tena. Mume wangu akapunguza redio ili asikie jibu.

"Baada," nikasema.

"Umemwambia daktari?"

"Anauliza kama kuna shida, namwambia hakuna."

Akanitazama kwa namna ambayo naijua, kwa sababu ni ya kwangu. "Leo unameza kizima," akasema. "Usije ukakata. Siku ya kliniki yangu tunakwenda wote, unavua viatu mbele yake. Na fungua mdomo, bibi, nao nione."

Nikafungua. Akageuza kichwa changu kwenye mwanga, akachungulia kila upande kama mnunuzi wa ng'ombe.

"Fizi zako nzima," akasema. "Meno ndiyo yameisha."

Mume wetu atabaki na ng'ombe siku hiyo, ajipikie.